Karibuni Msimbati, ila gari acheni juu

Watu wakisikia naishi Msimbati swali ni lilelile, eti kweli gari linapita ufukweni? Ndio linapita. Maji yakitoka mchanga wetu unakaza vizuri tu, na ukiacha gesi iliyogunduliwa huku Mnazi Bay mwaka 1982 nadhani hiyo ndo sifa inayotutangaza zaidi, Idi ikifika magari kutoka Mtwara mjini yanajipanga huku chini, miziki juu, watu wanapiga selfi. Wageni tunawapenda jamani, mama lishe wanauza, bodaboda wanapata. Ila hilo la magari mchangani linaniuma sana.

Hapa tupo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Kasa wanapanda usiku kutaga, anajikokota mpaka juu maji yasipofika, anachimba, anataga, anafukia, anarudi zake baharini, na yale mayai yanakaa humo kama miezi miwili. Sa gari likipita palepale juu mchanga unashindiliwa, na vile vitoto vitakavyofanikiwa kutoka vinakutana na mfereji wa tairi, kitoto chenyewe kinaenea kiganjani, kikidumbukia humo kinaufuata tu mfereji badala ya kwenda majini, hapo kaa na kunguru wanakisubiri, jua nalo likitoka ndo basi tena.

Na sio kasa tu, hapa chini ni sehemu ya kazi ya watu. Bamvua ikifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali kabisa na kina mama wanashuka mwambani kutafuta pweza. Kuna bibi jirani yangu huwa namfuata nyuma, yeye haangalii pweza anaangalia uchafu, akiona maganda ya kaa na ya chaza yamerundikana mbele ya shimo anajua mwenyewe yumo ndani, anachokonoa taratibu na kijiti mpaka atoke. Asubuhi nikimwamkia, shikamoo bibi, leo vipi? ananijibu marahaba mwanangu, maji yamechelewa, tusubiri kidogo. Yani hana saa wala simu na hakosei. Halafu anatokea mgeni na gari anawapigia honi kina mama waliobeba ndoo kichwani wampishe, kwa kweli hapo huwa nasema na siogopi.

Kwaiyo mkija ulizieni wenyeji maji yanatoka saa ngapi, maana kila siku yanasogea mbele, gari liacheni juu huko kwenye miti mshuke kwa miguu. Mkitaka kuogelea pia ulizeni kwanza, kuna sehemu hatua chache tu kina kinakuwa kirefu ghafla, watoto msiwaachie. Na pweza nunueni kwa kina mama palepale wanapopanda, bei mnaelewana, na mkiomba mnachomewa.