Aliyewakanda Wachezaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu haukuwa mweupe, na sioni sababu ya kuwaficha. Jumamosi tulikuwa na sikukuu ya jumuiya zetu. Risala ikasomwa, na ilikuwa nzuri: akashukuriwa mgeni rasmi, wafadhili, kwaya, fundi wa vipaza sauti, hata mwenye turubai. Sisi wa jikoni, tulioamka usiku kuchambua mchele na kupuliza kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu, hatukutajwa hata kwa neno moja. Nikanuna. Tangu siku ile, kila nikipiga magoti najikuta namhesabia Mungu masufuria.

Katika kununa huko nikawa nasoma habari za kale za michezo, maana Biblia nilikuwa naiogopa kidogo. Nikakutana na vijana wa Sewanee, chuo kidogo cha mlimani huko Tennessee, Marekani. Kilianzishwa na dayosisi za Kianglikana za kusini, kwa hiyo ni watu wa nyumbani mwa imani. Mwaka 1899 timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi, unaofanana na raga, ilicheza mechi 12 na kushinda zote. Walifunga alama 322, wakafungwa 10 tu.

Kinachokumbukwa zaidi ni safari yao ya Novemba. Alhamisi tarehe 9 waliwafunga vijana wa chuo kikuu cha Texas 12-0 mjini Austin. Ijumaa wakawafunga Texas A&M 10-0 huko Houston, na Jumamosi chuo cha Tulane 23-0 mjini New Orleans. Jumapili hawakucheza. Jumatatu wakawafunga LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 34-0, na Jumanne wakamalizia mjini Memphis kwa kuwafunga chuo kikuu cha Mississippi 12-0. Mechi tano ndani ya siku sita, kwa treni, kilomita zipatazo 4,000, na hakuna aliyewafunga hata alama moja. Na mchezo wa enzi hizo haukuwa na huruma. Kofia ngumu hazikuwa za lazima, kutupa mpira mbele kulikuwa bado kumekatazwa, basi ilikuwa ni kugongana na kusukumana tu, na wale wale walioshambulia ndio waliorudi kulinda. Nahodha wao, Seibels, alipasuka kichwa kwenye mechi ya Texas na akaendelea kucheza.

(Safari yenyewe ilitokana na ugomvi wa pesa. Sewanee na majirani zao wa Vanderbilt, chuo cha Wamethodisti wakati huo, walikosana juu ya mapato ya mlangoni, mechi yao ikafutwa, na Luke Lea, mwanafunzi aliyekuwa meneja wa timu, akalazimika kutafuta fedha mbali. Kumbe watu wa kanisa kugombania makusanyo si jambo la jana!)

Wengi wakihubiri habari hii wanakazia ile Jumapili ya kupumzika. Ni neno zuri, ila mimi nilinaswa kwingine. Ndani ya treni ile, pamoja na wachezaji, kocha Suter, meneja, na mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya kwao, alikuwamo mtu mweusi aitwaye Cal Burrows. Kazi yake ilikuwa kuwakanda wachezaji.

Hebu kaa hapo na mimi kidogo. Ijumaa jioni, vijana wamechezeshwa siku mbili mfululizo, mapaja yamevimba, mabega yamevilia damu, na kesho ni New Orleans. Wao wanalala, treni inatikisika, na mmoja hawezi kulala mpaka amalize mguu wa mwisho. Alama zile 12 na 10 na 23 zimeandikwa kwa majina ya wafungaji. Mikono iliyoamsha misuli yao kila asubuhi haina alama ubaoni.

Hapo ndipo Roho aliponikamata. Bwana wetu usiku ule wa mwisho alishika nini? Alishika miguu. Alivua vazi, akajifunga kitambaa, akainama penye vumbi la njiani. Kazi ambayo Petro aliona haya hata kuipokea, ndiyo Mwana wa Mungu aliyojichagulia. Kwa hiyo, mama unayeosha vyombo watu wakishatawanyika, kijana unayebeba viti, wewe unayefua vitambaa vya meza ya Bwana, hauko nyuma ya kanisa. Uko pale pale alipokuwa Yesu. Mwandishi wa Waebrania anasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu. Risala ya Jumamosi ilisahau, Yeye hajasahau. Nimelisoma neno hilo kwa sauti jikoni kwangu, peke yangu, na kinyongo kikaanza kulegea. Hakijaisha chote. Niombeeni.

Lakini siwezi kuishia kwa kutufariji sisi wa jikoni, maana habari ya Burrows ina upande mwingine unaouma. Chuo kile kilikuwa cha kanisa. Kilikuwa na maaskofu, sala na nyimbo. Mtu yule aliweza kusafiri na timu, aliweza kuwagusa miguu, ila mweusi kama yeye asingeweza kukaa darasani Sewanee. Mwaka 1952 walimu wa theolojia wa hapo walitangaza kujiuzulu kwa sababu wadhamini wa chuo walikataa kupokea wanafunzi weusi, na mlango wa shule ile ya theolojia ukafunguliwa mwaka uliofuata. Miaka zaidi ya 50 baada ya ile treni! Kanisa lilijua kuimba, lilijua kushinda, na lilijua kutumia mikono ya mtu bila kumpa kiti.

Wazee wangu wa kanisa, nawaheshimu, lakini hapa nitasema. Tusiwacheke Wamarekani. Kwetu anayepika hula mwisho, amesimama, kwa kukwangua ukoko, wakati meza kuu inabadilishiwa sahani. Paulo hakufanya hivyo. Angalia Warumi 16: anamtaja Febi, anamtaja mama yake Rufo na kumwita mama yake pia, na hata Tertio aliyekuwa akiandika tu anaachiwa nafasi aweke salamu zake mwenyewe. Waraka mzito kuliko zote, na mwandishi wake anapewa sauti. Sisi risala ya kurasa mbili inatushinda?

Na shukrani ya mdomo peke yake nayo haitoshi. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi. Mlinzi wetu, anayetulindia viti na vipaza sauti usiku wa mvua, posho yake ya mwezi uliopita hajaiona. Ameniambia mwenyewe, kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. Mweka hazina ukisoma hapa, mpelekee leo. Usingoje kikao cha kamati ya fedha, wala usimwite ofisini aje kuisubiri mlangoni. Mfuate nyumbani kwake.