Unyayo wa Kishungi

Nilidhani kakanyaga mwiba tu. Kuku wangu Kishungi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka bandani kila asubuhi, anawapanda wenzake mgongoni ilimradi awahi chakula. Asubuhi hiyo alitoka wa mwisho, akasimama kwa mguu mmoja, wa pili kaukunja tumboni. Nikampuuza, maana kuku husimama hivyo hata akiwa mzima. Siku ya tatu alikuwa anachechemea waziwazi: hatua mbili, anakaa, hatua mbili, anakaa.

Nikamkamata, nikamgeuza. Katikati ya unyayo, kwenye ule mto wa nyama anaokanyagia, palikuwa na kigaga cheusi cha duara, ukubwa wa punje ya dengu, kimekaa kama kichwa cha msumari uliopigiliwa. Nyama ya pembeni ilikuwa nyekundu, imevimba, na ukiigusa unasikia joto. Vidole viwili navyo vilishaanza kujaa.

Nilichofanya baada ya hapo sipendi mtu akiige. Nilichukua wembe na kibanio, nikakichokoa kile kigaga kikiwa kikavu vilevile, nikitegemea usaha utoke kama wa jipu la mtu. Ilitoka damu. Usaha hata tone. Nikapaka dawa ya kidonda, nikamrudisha bandani akakanyage mavi ya wenzake. Baada ya siku mbili unyayo ulikuwa umevimba mara mbili ya mwanzo, na yeye hataki kunyanyuka.

Ndipo nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alipouona mguu hakuniuliza ni ugonjwa gani, aliniuliza nani kamkata. Nikasema ni mimi, basi akatikisa kichwa tu na kunieleza. Bakteria anayeleta shida hii ya unyayo, ambayo kwa Kiingereza huitwa bumblefoot, mara nyingi ni Staphylococcus aureus, na huyo hahitaji kutafutwa mbali, anaishi kwenye ngozi na kwenye mazingira siku zote. Anachosubiri ni upenyo: mchubuko, kijiti, ngozi iliyolainika kwa kukanyaga majimaji. Kuhusu usaha wangu niliousubiri, akaniambia usaha wa ndege hautiririki. Chembe zao nyeupe za damu si kama zetu, hazina nguvu ile ya kuuyeyusha, kwa hiyo unaganda humo ndani na kuwa kitu kigumu cha manjano, kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Ndiyo maana wembe wangu haukutoa kitu.

Akaupapasa mguu wote kwenda juu. Uvimbe ulikuwa haujafika kwenye kifundo na kuku alikuwa bado anakula, kwa hiyo akasema tujaribu nyumbani kwanza, kwa kumloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. "Ukiona umepanda mguuni, au ameacha kula, mrudishe haraka. Ikifika kwenye mfupa si kazi ya beseni tena. Na kama ni kukata, nitakata mimi, kwa ganzi." Antibiotiki hakunipa kwa hatua ile. Nilitaka kumwomba, maana nyumbani nilikuwa na vidonge vilivyobaki vya mtu, nashukuru niliona aibu kuvitaja. Dawa hizo zina kipimo chake kwa kuku, na zina siku ambazo mayai hayaliwi.

Basi kila jioni nikawa na kazi. Nilimhamishia Kishungi kwenye boksi kubwa lenye maranda makavu, ndani ya nyumba, mahali asipoweza kuruka. Nachemsha maji, nayapoza mpaka mkono wangu uyavumilie bila shida, naweka chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, si ile ya kupikia) nusu kikombe kwa lita 4 hivi. Halafu namfunga kwa taulo. Hapo napo pana ufundi: mbawa zitulie, macho yafunikwe, lakini kifua kisibanwe. Kuku hupumua kwa kutanua kifua, ukimkumbatia kwa nguvu unaweza kumkosesha pumzi huku wewe unajiona unambembeleza. Nilikuwa namkalisha mapajani, miguu ndani ya beseni, dakika 15. Siku ya kwanza alipiga teke maji yote yakaniishia. Siku ya nne alilala usingizi kabisa, kichwa kimening'inia nje ya taulo, nikawa naona haya kumwamsha.

Ngozi ikishalainika, nakikanda kigaga pembeni taratibu kwa kidole chenye glavu. Glavu si mapambo, bakteria huyo anaweza kuingia hata kwenye mchubuko wa binadamu. Nikiona kinagoma, naacha mpaka kesho. Kisha nakausha, nasafisha kwa ayodini iliyochanganywa na maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, naweka kipande cha shashi, nafunga bendeji ile inayojishika yenyewe. Unapita kati ya vidole, unazunguka mguu juu, unarudi chini, kama unaandika tarakimu 8. Mara ya kwanza nilikaza mno. Asubuhi nikakuta vidole vimevimba na vimebadilika rangi, nikaifungua mbio. Tangu hapo kila nikifunga narudi baada ya saa moja kuangalia.

Jambo jingine aliloniambia daktari: malhamu za watu zenye dawa ya kuondoa maumivu ndani yake zisimguse kuku, kwani baadhi ya hizo ganzi zinaweza kumdhuru.

Jioni ya sita, kigaga kilibanduka chenyewe ndani ya maji. Nilikuwa sijakivuta. Nyuma yake kikafuata kile kiini, kigumu, cha manjano, chenye mkia mwembamba uliokuwa umezama ndani, kirefu kuliko nilivyofikiri. Kikaacha shimo safi ambalo ungeweza kuweka punje ya mtama. Kishungi hata hakushtuka. Mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka watu wa nyumbani wakaja kuangalia kuna nini.

Baada ya hapo hakuna cha kusimulia sana. Kusafisha, kukausha, kufunga, kila siku, halafu siku moja ndiyo moja siyo. Shimo lilijaa kutoka chini kuja juu kwa muda wa wiki tatu na ushee.

Kilichoniuma ni swali la daktari siku nilipomrudisha kukaguliwa: "Analala juu ya nini?" Nikamweleza kwa fahari kabisa, maana fito za kulalia nilizitengeneza mwenyewe, juu usawa wa kifua changu, ili wasifikiwe na wanyama. Chini yake sakafu ya zege, na maranda niliyatandaza kama mtu anayenyunyiza chumvi. Kishungi ni kuku mzito. Kila alfajiri alikuwa anajitupa kutoka kule juu na kutua kwenye zege kwa mto uleule wa unyayo. Nilimtibu kuku wiki nne kwa ugonjwa niliomjengea kwa mikono yangu, na nyundo iliyoupigilia ule msumari, yaani fito zile na zege, nilikuwa nimeikodolea macho kila siku pale kwenye kona.

Fito nilizishusha mpaka chini ya nusu mita. Zile fito nyembamba zenye vibanzi nikazitupa, nikaweka mbao zenye upana wa sentimita 5 hivi, kingo nimezipiga msasa, upande mpana ukiwa juu ili wakae na unyayo umetandazika. Maranda nikayajaza mpaka vidole vizame, na pale chini ya chombo cha maji, ambapo palikuwa hapakauki, nikakihamisha chombo. Mahindi matupu nikayapunguza pia, maana uzito nao una lake, nikaongeza majani mabichi.

Siku hizi mara moja kwa wiki, usiku wakiwa wamelala, naingia na tochi nawageuza unyayo mmoja mmoja. Mwezi uliopita Madoa alikuwa na alama ya waridi, haijawa hata kigaga. Jioni nne za beseni, ikaisha. Kuna mwingine nilimkuta magamba ya miguu yamesimama na kuota unga mweupe, nikataka kutoa beseni tena, kumbe huo ni utitiri wa miguuni, ugonjwa mwingine na dawa yake nyingine.

Kishungi amebaki na kovu gumu katikati ya unyayo. Jioni bado anasimama chini anaangalia juu, kwenye matundu ya ukuta zilikokuwa fito za zamani, kabla hajapanda mbao yake ya chini kwa kununa.