Leseni ya Kwanza ya Kijana Minnesota: Kazi Kubwa Ni ya Mzazi

Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, mtoto anaweza kuanza kujifunza udereva akiwa na umri wa miaka 15, na akifikisha 16 anaweza kuwa barabarani peke yake. Kwa sisi tuliotoka Tanzania, ambako sheria humtaka mtu afikishe miaka 18 kabla ya kuendesha gari, na ambako wengi wetu tulishika usukani kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima wenye kazi zetu, jambo hili linashtua. Nimewasikia wazazi wenzangu wakisema kwamba watamlipia mtoto ada ya chuo cha udereva na kumwachia mwalimu kila kitu. Nimemsindikiza binti yangu tangu somo la kwanza hadi siku alipopewa leseni yake, na ninaandika kwa sababu naamini kwamba fikra hiyo ni ya hatari. Utaratibu wa hapa umemwekea mzazi mzigo mkubwa kuliko mwalimu, na mzazi akiukwepa, kijana anaingia barabarani akiwa na kadi mfukoni lakini hana udereva.

Kijana huanza na masomo ya nadharia ya saa 30. Kisha hufanya mtihani wenye maswali 40, na lazima apate angalau 32 ndipo apewe kibali cha kujifunzia. Mzazi hutia saini ya kuridhia, kwa kuwa mwombaji bado ni mtoto mbele ya sheria. Kibali hicho lazima akae nacho kwa muda usiopungua miezi 6 bila kupatikana na hatia ya kosa la barabarani, na katika muda huo mwalimu wa chuo hukaa naye garini kwa saa 6 tu. Kuna saa nyingine 50, na kati ya hizo 15 lazima ziwe za usiku, ambazo kijana huendesha akiwa na mtu mzima mwenye leseni, aliyetimiza miaka 21, ameketi kiti cha mbele pembeni yake. Kila safari huandikwa katika jedwali ambalo mzazi hulitia saini. Mzazi akihudhuria somo la dakika 90 lililoandaliwa kwa ajili ya wazazi, saa hizo hupungua hadi 40, ingawa zile 15 za usiku hubaki vilevile. Nawashauri wote wahudhurie somo hilo, lakini wasipunguze saa hata moja.

Mpangilio huu wa kupanda ngazi kwa ngazi haukuzuka tu. New Zealand iliuanzisha mwaka 1987, na hapa Marekani jimbo la Florida lilikuwa la kwanza kuupitisha kikamilifu mwaka 1996, kisha majimbo mengine yakafuata kila moja kwa masharti yake. Sababu yake inajulikana: kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wenye umri wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali zenye vifo karibu mara tatu zaidi ya madereva wenye miaka 20 na kuendelea. Hatari huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya kijana kuanza kuendesha peke yake, huongezeka usiku, na huongezeka tena anapopakia vijana wenzake. Tiba ya hali hiyo ni mazoezi mengi akiwa na mtu mzima kabla hajaachwa peke yake, na mtu mzima huyo ndiye wewe.

Najua pingamizi la kwanza, kwa sababu ni letu sote. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, katika hospitali, katika nyumba za kulea wazee, katika maghala, na baadhi yetu tuna kazi mbili. Saa 50 ni nyingi mno kwa mtu anayerudi nyumbani alfajiri akiwa amechoka. Ndiyo maana wapo wanaoketi jioni moja na kulijaza jedwali lote kwa safari ambazo hazikufanyika, wakibadilisha rangi ya kalamu ili ionekane kwamba lilijazwa siku mbalimbali. Ofisi haina namna ya kujua. Lakini gari litajua, na barabara itajua, siku ambayo mtoto atakutana na mvua ya usiku kwenye barabara kuu akiwa hajawahi kuiona akiwa nyuma ya usukani. Mimi niliomba nibadilishiwe zamu, nikakubali kupoteza nyongeza ya malipo ya usiku kwa msimu mzima, na sijawahi kuijutia pesa hiyo.

Zipo njia za kuzipata saa hizo bila kuivuruga nyumba. Safari zote zilizokuwapo tayari zikawa za binti yangu kuendesha: sokoni, kanisani, kumpeleka mdogo wake mazoezini, kumchukua baba yake kazini. Kuhusu zile saa za usiku, majira ya baridi ya Minnesota husaidia sana, kwa sababu mwezi wa Desemba jua huzama kama saa kumi na nusu alasiri, na giza huwa limeshatanda kabla ya chakula cha jioni. Anayesubiri kiangazi, wakati jua linapozama karibu saa tatu usiku, atajikuta yuko barabarani na mtoto usiku wa manane.

Majira hayo ya baridi yana somo lake. Baada ya theluji ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho, nikamwambia akanyage breki kwa nguvu akiwa katika mwendo mdogo, ili mguu wake uhisi jinsi breki za kisasa zinavyotetemeka zinapozuia magurudumu yasijifunge, na ajifunze kutoachia. Tulirudia mpaka hofu ikamtoka. Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, hasa juu ya madaraja, na hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuchukua nafasi ya kulihisi gari likiteleza mahali ambapo hakuna kitu cha kugonga.

Sisi tulioanzia udereva Tanzania, Kenya au Uganda, ambako magari hupita kushoto, tuna jambo jingine la kuliangalia. Kiti anachokaa msimamizi hapa, kile cha mbele upande wa kulia, ndicho kiti ambacho kwetu kina usukani na breki. Ukiketi hapo, gari likakaribia taa nyekundu, mwili wako wote hudai kulisimamisha. Mtoto hana mazoea hayo ya zamani, naye huona mguu wako unavyohangaika na kupata wasiwasi. Nilijizoeza kutuliza miguu na kutumia macho na ulimi: kumwambia mapema kwamba kwenye taa zijazo atapinda kulia, kumuuliza anaona nini kwenye kioo cha pembeni, kumtaka ageuze kichwa kuitazama ile sehemu ambayo vioo haviioneshi. Agizo linalotolewa ghafla humfanya mtoto afanye jambo la ghafla.

Vilevile kuna sheria ambazo hatukukua nazo, na ni aibu kumfundisha mtoto kwa kukisia. Kwenye makutano ambayo pande zote nne zina alama ya kusimama, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuondoka, na mkifika pamoja, aliye upande wako wa kulia hutangulia. Kwenye taa nyekundu unaweza kupinda kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pale ambapo kibao kinakataza. Basi la shule likiwasha taa nyekundu na kunyoosha mkono wake wa kusimamisha magari, unasimama umbali usiopungua futi 20, ambazo ni kama mita 6, hata kama unatoka upande wa pili wa barabara, ila tu kama njia hizo mbili zimetenganishwa katikati. Nilikisoma upya kitabu cha madereva cha jimbo sambamba na binti yangu, sura kwa sura, na nawasihi wazazi wenzangu wafanye hivyo.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi lilihusu malezi. Tumewalea watoto wetu wasibishane na mkubwa, wajibu "Ndiyo, mama" na kutii. Ndani ya gari adabu hiyo yaweza kuua. Nikimwambia aingie barabarani naye ameona gari linalokuja ambalo mimi sijaliona, utii wake utatuangamiza sote. Ilibidi nimweleze waziwazi, zaidi ya mara moja, kwamba akiwa nyuma ya usukani yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho, na kwamba kusema "Hapana mama, bado si salama" hakumvunjii mtu heshima. Siku aliponikatalia kwa mara ya kwanza, tena kwa sauti tulivu, nilijua kwamba ameanza kuwa dereva.

Kuna somo ambalo halimo katika jedwali, nalo ni jinsi ya kusimamishwa na polisi. Nyumbani, trafiki akikusimamisha, ni kawaida dereva kushuka na kumfuata, au kuanza kutafuta karatasi kabla hajaulizwa. Hapa, kijana mweusi asifanye lolote kati ya hayo. Philando Castile, dereva mweusi, aliuawa na polisi Julai 2016 huko Falcon Heights, akiwa ameketi kwenye gari lake. Daunte Wright, kijana mweusi, alikuwa na miaka 20 alipouawa Aprili 2021 huko Brooklyn Center, baada ya kusimamishwa kwa sababu ya stika ya usajili iliyokwisha muda. Yote mawili yalitokea katika jimbo hili hili. Tulilifanyia mazoezi jambo hili gari likiwa limeegeshwa, mimi nikisimama dirishani kama askari: asimame mahali salama, awashe taa ya ndani kama ni usiku, aweke mikono juu ya usukani, abaki garini, na aseme kwa sauti kabla ya kupeleka mkono popote. Inauma kumfundisha mtoto wako hivyo. Nilimfundisha.

Kuhusu ofisi nitasema machache. Tangu Oktoba 1, 2023, Minnesota hutoa leseni ya kawaida kwa mkazi yeyote bila kujali hali yake ya uhamiaji, hivyo familia ambayo bado inasubiri hati isimzuie mtoto wake kwa hofu. Lakini isomeni fomu kwa makini. Utoaji wa leseni umeunganishwa na uandikishaji wa wapiga kura, na raia wenye miaka 16 na 17 huruhusiwa kujiandikisha mapema. Mtoto ambaye si raia asikubali kipengele hicho hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia njia ya ukaazi wa kudumu na hata kusababisha uondolewe nchini. Katika mtihani wa barabarani kijana hutumia gari mlilolileta wenyewe, pamoja na uthibitisho wa bima, na ataombwa kuonesha vidhibiti vya gari, kuegesha sambamba na ukingo wa barabara, na kurudi nyuma kuingia katika nafasi. Bima itapanda sana. Kampuni nyingi hutoa punguzo kwa mwanafunzi mwenye alama nzuri, lakini mara nyingi ni lazima uliombe.

Leseni ya kwanza nayo ina mipaka. Kwa miezi 6 ya mwanzo kijana haendeshi kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa sababu chache kama kwenda kazini, na hapakii zaidi ya abiria mmoja aliye chini ya miaka 20, labda awe na mzazi garini. Kwa miezi 6 inayofuata mwisho ni abiria watatu wa umri huo. Simu haiguswi kabisa, wala haitumiki kwa spika. Sharti la abiria ndilo linalovunjwa sana kwetu, maana msamaha ni kwa familia ya karibu, na sheria haimhesabu mtoto wa mjomba kama sisi tunavyomhesabu. Baada ya sherehe utasikia mtu mzima akisema, "Wapakie tu hao, si ndugu zake?" Nimewahi kumjibu shangazi wa binti yangu, kwa heshima zote, kwamba watoto watasubiri nirudi kuwachukua mimi. Mzazi ana uwezo wa kuiondoa ile ridhaa aliyoitia saini, na leseni ya mtoto aliye chini ya miaka 18 ikafutwa. Binti yangu anajua kwamba sitasita kufanya hivyo.

Mdogo wake atafikisha miaka 15 mwezi wa Machi, na tayari nimeshapeleka ombi la zamu za mchana.