Majani Mekundu ya Somerset West

Nauli ya teksi kutoka Cape Town mpaka Somerset West, kilomita 50 hivi, ilinitoa jasho. Langoni mwa shamba la mvinyo la Vergelegen nikakuta na kiingilio kinalipiwa, na hapo sijaonja hata tone. Kilichonipoza ni mandhari ya njiani. Ilikuwa mwisho wa Aprili, mavuno yamekwisha, na mizabibu kando ya barabara ilikuwa imegeuka mekundu safu kwa safu, kama khanga zilizoanikwa. Nikapiga picha hadi simu ikaanza kulilia chaji.

Mwenyeji aliyetutembeza alizitazama zile picha akacheka. "Umepiga picha za wodini," akasema.

Historia ya mahali niipite haraka. Shamba lilianzishwa mwaka 1700 na Willem Adriaan van der Stel, gavana wa Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India huko Rasi ya Tumaini Jema. Alilijenga kwa jasho la watumwa, akawabana wakulima wadogo sokoni, wakamshtaki, na mwaka 1707 akaondolewa madarakani. Mbele ya nyumba ingali imesimama mikafuri ya enzi zake, mashina mapana kuliko chumba changu cha kulala. Ukisugua jani lake unapata harufu ambayo mtu wa pwani huijua kwa kukosha maiti, na watalii wanakunywa kahawa chini yake bila habari.

Turudi kwenye majani. Tulitembea shambani muda mrefu kabla ya kupata mzabibu mmoja uliofungwa utepe. Ulikuwa Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu nyekundu. Jani la chini kabisa lilikuwa jekundu la kuelekea zambarau, lakini mishipa yake imebaki kijani kibichi, kana kwamba mtu amechora ramani ya mito. Kingo zilikuwa zimejikunja kwenda chini. Majani ya juu kwenye tawi hilohilo yalikuwa bado salama, kwa sababu dalili huanzia chini na kupanda, na huonekana tu baada ya zabibu kuanza kubadili rangi. Jirani yake mzima alikuwa na majani ya njano yanayodondoka kwa amani.

Huo ndio ugonjwa wa majani kujikunja, na hapa Rasi kirusi anayesumbua zaidi ni yule wa namba 3. Hauui mzabibu, na ndiyo maana wakulima wengi huuvumilia. Kazi yake ni kuchelewesha kuiva: sukari haipandi inavyotakiwa, vichala vinapungua, na ganda la zabibu linakosa rangi. Kwa mvinyo mwekundu hiyo ni hasara mbili, kwani rangi na sehemu kubwa ya ukali wake hutoka kwenye ganda. Dawa ya kuutibu haipo. Mkasi wa kupogolea hauuambukizi, jambo lililonishangaza. Wanaoueneza ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama waliopakwa unga, hasa watoto wao wadogo wanaopeperushwa na upepo au kusafiri kwenye nguo za vibarua na matairi ya trekta. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye vipande safi vya shamba na kumalizia vyenye ugonjwa, kamwe si kinyume chake.

Mwaka 2002 mizabibu ya zamani hapa ilikuwa imeambukizwa kabisa. Miaka 10 baadaye, katika vipande vilivyopandwa upya, mizabibu migonjwa haikufika hata mmoja kwa kila elfu. Niliuliza wamefanyaje, nikitegemea kutajiwa dawa ya bei mbaya. Nikapewa somo la mizizi.

Ukiung'oa mzabibu mgonjwa ukapanda mpya palepale, umefanya kazi bure. Vipande vya mizizi hubaki hai ardhini kwa miaka, kirusi yumo ndani, na vidung'ata hukaa juu yake wakisubiri. Kwa hiyo mzabibu wa zamani huuawa kwanza kwa dawa ya magugu inayoshuka hadi mizizini, halafu ndipo unang'olewa, mizizi inaokotwa, na ardhi inapumzishwa. Kila chipukizi la mzabibu linalojiotea linaondolewa. Kisha hupandwa miche iliyobebeshwa na kuthibitishwa kuwa haina virusi, na kulindwa kwa dawa ya wadudu inayopenya kwenye utomvu. Kila vuli watu hupita safu kwa safu kwa miguu, wakifunga utepe kila penye dalili, na uliofungwa utepe unang'olewa mwaka huohuo. Kwa zabibu nyeupe macho hayatoshi, maana majani yake hayawi mekundu. Inabidi sampuli zipelekwe maabara.

Na sisimizi! Wao hulamba utamu unaotolewa na vidung'ata, kwa hiyo huwalinda kama mchungaji na ng'ombe wake, wakiwafukuza nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidung'ata. Ukiwazuia sisimizi wasipande shina, nyigu wanafanya kazi yao na wewe unapunguza kupuliza sumu. Ukipuliza ovyo, umewaua nyigu kwanza.

Shamba lina hekta zipatazo 3,000, na mizabibu ni sehemu ndogo tu. Kwingine wamefyeka misonobari, mikaratusi na miwati iliyokuwa ikinywa maji ya mlima na kuchochea moto. Msonobari ukikatwa chini hauchipui. Mkaratusi huchipua, kwa hiyo kisiki hupakwa dawa papo hapo. Muwati ndio mkaidi: mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, zikiota kwa wingi baada ya moto, na usiporudi kung'oa miche umewatupia pesa wafyekaji.

Mwishoni tuliletewa mvinyo wa mavuno ya 2015, mchanganyiko wa aina za Bordeaux, Cabernet Sauvignon ikiongoza. Rasi nzima inausifu mwaka ule: kiangazi kikavu, mavuno yaliwahi kama wiki mbili, na ukavu uliwanyima ukungu nafasi. Nilisogeza glasi juu ya karatasi nyeupe. Katikati sikuona karatasi. Ukali wake ulikuwa wa chai ya rangi iliyochemka sawasawa, si ya kuungua. Kipimo chenyewe kilikuwa kama cha dawa ya kikohozi, na bei ya chupa nimeamua kuisahau.

Nyumbani Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, tunapogoa, majani yanaondoka. Nadhani dalili kama ile ya vuli ingepata siku chache mno za kujionyesha kwetu. Na pingili za kupanda tunazipata wapi? Kwa jirani aliyezaa vizuri msimu uliopita. Hakuna anayezipima, na kuomba cheti kwa jirani ni kama kumtukana.

Nilirudi Dodoma usiku. Asubuhi nilikuta fungu la pingili za Makutupora Nyekundu, zabibu ya kwetu, mlangoni, zimefungwa kwa kamba ya katani, na ujumbe wa mzee wa jirani: "Karibu nyumbani, mwanangu. Zipande kabla hazijakauka." Nimezitia kwenye ndoo ya maji. Leo ni siku ya tatu.