Mkanda mpya wa Simba

Leo nimerudi kutoka soko la Mwanga na mkanda wa shingoni wa Simba, mtoto wetu wa mbwa wa miezi mitatu.

Kamba tuliyomfunga tangu tumtoe Ujiji ilishaanza kumbana. Nilipoifungua nikakuta manyoya yamekatika, ngozi imekuwa nyekundu.

Roho iliniuma jamani. Anakua haraka, nami sikuwa nakagua.

Huu ni wa nailoni, mwepesi, unarefushwa kadiri shingo inavyonenepa. Nimeufunga vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha.

Akajikuna weee, akazunguka uani, kisha akaja kulala juu ya mguu wangu. Kakengele kake kanalia taratibu kila akipumua.

Mnaofuga mbwa, nyie mnakagua kila baada ya siku ngapi?