Maji Niliyoyachora

Nilikuwa mwaka wa pili nikisomea usanifu wa picha, siku ambayo mwalimu wetu wa historia ya mabango aliingia darasani na rundo la nakala za picha moja ya zamani, akatugawia pamoja na brashi nyembamba na rangi nyeusi na nyeupe. Katika picha hiyo viongozi wa Umoja wa Kisovieti walikuwa kando ya mfereji wa Moscow. Stalin tulimtambua kwa masharubu, lakini yule mfupi aliyekuwa pembeni yake, upande wa maji, hakuna aliyemjua. Tulipewa saa mbili za kumwondoa, bila kompyuta.

Kichwa na koti nilivifunika upesi. Taabu ilikuwa maji. Yale yaliyokuwa nyuma ya mwili wake hayakuwahi kuonekana, kwa hiyo ilinibidi niyabuni: mstari mweupe mwembamba kama unywele, kivuli cha kijivu chini yake, kisha mwingine hafifu zaidi, mpaka viwimbi vyangu vikaungana na vya kweli na mimi mwenyewe nikashindwa kuona vilipokutania.

Muda ulipokwisha, mwalimu alituonyesha ukutani picha ileile kama ilivyofutwa na mafundi wa Stalin. Wazo langu la kwanza, na sioni sababu ya kulificha, lilikuwa kwamba maji yangu yalikuwa bora kuliko yao.

Ndipo akatuambia tuliyemwondoa ni nani: Nikolai Yezhov, aliyeongoza polisi wa siri kuanzia 1936 hadi 1938, akapigwa risasi mwaka 1940. Kisha akanyoosha kidole kwenye bango la Gustav Klutsis la mwaka 1930, lenye mikono mingi iliyoinuliwa, ambalo muhula mzima tulikuwa tukilisifu kwa jinsi linavyolivuta jicho juu. Klutsis, aliyemtukuza Stalin kwa bango baada ya bango, aliuawa Februari 1938, Yezhov akiwa bado madarakani.

Mwisho alituonyesha ukurasa wa kitabu ambacho Aleksandr Rodchenko alikisanifu mwaka 1934 kuadhimisha miaka kumi ya Uzbekistan ya Kisovieti. Baadhi ya viongozi waliomo walipoangushwa, msanifu huyo alizipaka wino nyuso zao katika nakala yake mwenyewe. Niliona kola, mabega, na mahali pa uso doa jeusi tupu. Lilinitisha, lakini angalau lilionyesha kwamba hapo palikuwa na mtu, jambo ambalo maji yangu niliyoyaonea fahari yalikuwa yamelificha kabisa.

Wiki iliyofuata kazi zetu zilirudishwa. Yangu ilikuwa na alama ya juu kuliko zote, na mwalimu alikuwa ameiandika kwa penseli nyekundu juu ya viwimbi, palepale alipokuwa Yezhov.