Ananyonya Mara Ngapi kwa Siku?

Siku niliyompeleka binti yangu kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi 9, muuguzi aliyekuwa akijaza kadi aliniuliza bila kuinua macho, "Ananyonya mara ngapi kwa siku, mama?" Nikajibu kuwa ni mara 8. Jibu lilinitoka upesi kwa sababu nilikuwa nimelikariri tangu siku za uchanga wake, tulipokuwa tukiambiwa wodini kwamba mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Muuguzi aliandika, kisha akamwita mwingine. Nilipokuwa ndani ya basi la mwendokasi nikirudi Kimara, mtoto amelala begani, ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimesema uongo, kwani sikuwa na habari yoyote ya mara ngapi ananyonya.

Jioni ile nilichukua kalamu nikaifunga kwa uzi kwenye kalenda ya ukutani, pale jikoni, nikaazimia kuweka alama kila anaponyonya kwa siku nne, mbili za kazi na mbili za mapumziko. Alhamisi zilipatikana alama 7: saa 11 alfajiri, saa 12 kasorobo nikiwa tayari nimevaa viatu, saa 12 na nusu jioni niliporudi kutoka kazini Posta, kabla ya kulala, na mara tatu usiku. Jumamosi, tukiwa nyumbani kutwa, zilifika 11. Hata hivyo, nne kati ya hizo zilikuwa za kuonja tu: alivuta kidogo, akasikia paka analia dirishani, akageuza shingo bila kuiachia chuchu (mama yeyote mwenye mtoto wa umri huu anajua maumivu hayo), kisha akashuka na kutambaa zake. Je, hiyo nayo ihesabiwe sawa na ile ya alfajiri, ambapo hunyonya maziwa yote mawili kwa utulivu mpaka nikayahisi yamelegea?

Nilipokwenda kusoma miongozo kwa makini, nilikuta jambo ambalo lingenipunguzia wasiwasi mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, kunyonya hakuwekewi idadi, bali hushauriwa anyonyeshwe mara kwa mara, kila anapotaka, mchana na usiku. Kinachohesabiwa ni milo: mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9 hadi 23, pamoja na vitafunwa katikati. Kwa hiyo swali nililolijibu upesi kule kliniki lilihitaji jibu la sehemu mbili, nami sehemu ya pili sikuwa hata nimeifikiria.

Hapo ndipo nilipolazimika kukubali kwamba mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kutusaidia, alikuwa na nusu ya haki. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, huyu si kichanga tena, ukimpa ziwa ovyo hatakula." Nilidhani ananiandaa kumlikiza mtoto, kwani alishataja shubiri ya kupaka chuchuni mara mbili. Lakini kalenda ilionyesha kuwa Jumamosi binti yangu alinyonya saa 4 asubuhi, na dakika 20 baadaye akaukataa uji wa lishe na kuupangusia kwenye kanga yangu, ilhali siku za kazi, nisipokuwepo, dada wa kazi anasema huumaliza. Maziwa ya mama bado yanampa mtoto wa umri huu nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji mpaka atimize mwaka, na kama theluthi moja katika mwaka wa pili, ila madini ya chuma yaliyomo ni kidogo sana, na akiba aliyozaliwa nayo huwa imepungua afikapo miezi 6. Hayo lazima yatoke kwenye maini, dagaa na maharage, na tumbo lililojaa maziwa halina nafasi ya dagaa. Nilichobadilisha ni saa tu: siku za mapumziko anapata ziwa akiamka, chakula baada ya saa moja na nusu hivi, na ziwa tena akishashiba.

Nusu nyingine ya maneno ya mama mkwe sikuikubali. Aliposhauri nikate manyonyesho ya usiku, niliangalia zile alama za Alhamisi: tatu kati ya saba ni za usiku, na kwa mama anayeshinda kazini hizo ndizo zinazoyashikilia maziwa, kwani homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini kutoka mjini hadi Kimara na kurudi, saa 2 huishia barabarani. Baada ya mabishano ofisini, ambayo sitayasimulia hapa, nilikubaliwa kuondoka mapema, na mchana hukamua kwa mkono na kuyahifadhi kwenye friji, kwa sababu kwa joto la Dar es Salaam maziwa hayapaswi kushinda mezani. Dada humnywesha kwa kikombe.

Kuna pia wanaozidisha manyonyesho ya mtoto mkubwa wakiamini yatawazuia kushika mimba, hasa wakiogopa kuambiwa wamembemenda mtoto, yaani wamemdhoofisha kwa kushika mimba angali ananyonya. Kinga hiyo hutegemewa tu mtoto akiwa chini ya miezi 6, ananyonya pekee mchana na usiku, na mama hajaanza kuona siku zake. Likikosekana moja, tafuta njia nyingine ya uzazi wa mpango.

Miezi miwili baadaye alipata homa na mafua, akakataa chakula kwa siku mbili, hata ndizi anayoipenda. Alining'ang'ania usiku na mchana, pua imeziba, akivuta mara tatu na kuachia ili apumue. Kalamu niliiacha inaning'inia. Katika ugonjwa mtoto anatakiwa anyonyeshwe zaidi ya kawaida, na akipona aongezewe chakula, nami sikuona haja ya kuandika kitu ambacho hakikuwa na mwanzo wala mwisho.

Sasa ana miezi 14. Siku za kazi hunyonya mara 5, siku za mapumziko mara 6 au 7, na anakula milo mitatu na matunda katikati. Wiki iliyopita nilimpeleka kupimwa uzito nikiwa na takwimu zote kichwani, hadi za usiku. Muuguzi, ambaye safari hii alikuwa mwingine, alichora alama yake kwenye kadi, ndani ya rangi ya kijani, akaniuliza, "Bado ananyonya?" Nikamjibu ndiyo, akaweka tiki, akamwita mwingine.